Ukuta wa Mbao wa Donatus

Katoro, Geita
9 Februari 2025

Kwako Bibi Mageni, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, usije ukasema mjini nimesahau kwetu. Natumaini barua hii inakukuta na miwani machoni, siyo chini ya mto unapopenda kuificha halafu unawasingizia panya. Mimi mzima. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho uliitikia "karibu ndani, mlango uko wazi" mpaka salio likaisha, nikaona kwa jinsi masikio yako yalivyo tubaki na karatasi. Mwita, konda wa basi la Shinyanga, ataiacha dukani kwa Paskalina hapo Didia, pamoja na sukari na sabuni. Ukikuta sukari imepungua, ni Mwita.

Huku kwema. Karasha langu linasaga mawe bila kupumzika, na vumbi lake tunalala nalo. Kitukuu chako Rhoda ana miaka minne na maneno ya wakili. Mama yake, Agnetha, anakusalimu sana. Ninavyoandika yuko jikoni anakaanga sato, harufu inaniharibia mwandiko.

Sasa neno lenyewe. Nyumba imekwisha, Bibi. Ina vigae, ina dari, ina geti lenye simba wawili, ingawa mmoja fundi alimkosea akatoka mbwa. Kimebaki kitu kimoja, ukuta wa sebuleni. Siku hizi mtu mwenye nyumba yake haachi kuta zote nne ziwe rangi tu. Anachagua mmoja, ule mgeni anaouona akiingia, anaufunika kwa mbao kuanzia chini hadi juu, kwa pambo tu. Rafiki yangu George, dalali wa dhahabu, aliuona hotelini Mwanza, akaniambia, "Dona, sebule bila ukuta wa mbao ni suti na ndala."

Nimeumiza kichwa kuchagua mbao, mwisho nikaukumbuka mninga ule mkubwa kwenye ngitili yetu. Mti mmoja tu, Bibi. Umesimama pale tangu enzi za Babu Masele na kazi yake ni kuangalia ng'ombe wakila nyasi. Nitaleta mtu na msumeno, gari juu yangu. Wewe niombee tu kwa wazee wa ukoo.

Mumeo mpenzi,
Donatus

*

Didia
2 Machi 2025

Kwako mume wangu mdogo,

Marahaba. Sukari imepungua. Nilimwambia Mwita kwamba mikono yake nitaiotesha vidole vya kuku, akacheka, lakini safari iliyofuata alileta nusu kilo bila kuulizwa.

Mvua ilisusa Januari, ikarudi Februari kama mwanamume aliyekosa pa kulala. Mahindi ya juu yamekufa, mpunga wa bondeni unajikongoja, karanga ndiyo tegemeo. Goti la kushoto linauma na la kulia linalisikitikia. Lakini siko peke yangu. Nina mgeni tangu Januari, ananipalilia, ananipikia, na mlenda wake ni mzuri kuliko wangu, ingawa hilo sijamwambia na sitamwambia.

Barua yako niliisoma kwa sauti, maana ndivyo tulivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima na sijui njia nyingine. Nilipofika pale pa Agnetha kukaanga sato, mgeni wangu alicheka mpaka akakalia ungo wa karanga. Sijui kilichomchekesha. Labda ni sato.

Tuje kwenye ukuta. Ni wa matofali? Ni mzima? Haujapasuka? Basi unauvalisha mbao kwa baridi gani? Sisi tulianza na nyumba za miti, tukakandika udongo ili miti isionekane. Mkasema ushamba, mkajenga matofali. Sasa mnafunika matofali kwa miti. Mkiendelea hivyo, wajukuu zako watakandika udongo juu ya hizo mbao na sote tutakuwa tumefika nyumbani.

Mninga huupati. Ngitili ni malisho ya akiba, si duka la mbao. Tuliyafunga malisho yale wakati nchi hii ilikuwa kipara, tukawa tunafukuza mbuzi kwa zamu, na mimi nilikuwa na mimba ya baba yako. Anayekata mti mle bila idhini hutozwa dume la ng'ombe. Anayeukata kwa ajili ya sebule wazee watamtoza akili, nawe huna ya kulipia.

Nijibu jambo moja tu. Huo ukuta unaotaka kuuvalisha uko upande gani wa sebule?

Mkeo mkubwa,
Mageni

*

Katoro
30 Machi 2025

Kwako mke wangu mkali,

Shikamoo. Pole na magoti yote mawili. Nimempa Mwita dawa ya kuchua, ni ya kupaka, usiinywe kama ile ya mwaka juzi.

Nimekubali, mninga ubaki na ng'ombe zake. Upande wa ukuta si hoja, Bibi, hoja ni mbao. Nimemleta fundi Swaleh, mtu wa Tabora, hodari sana, ila ana maswali kuliko misumari. Tulianza na msonobari. Mweupe, una vifundo, ukiusimamisha ukutani unaona kama macho yanakutazama unapokula. Tukajaribu mkaratusi, Swaleh akakataa, akasema utapinda ukikauka na siku moja utamwangukia mgeni ugali ukiwa mkononi. Mkongo ni mzuri lakini mzito, na George akasema rangi yake inafanana na jeneza la mjomba wake. George mwenyewe akaleta mbao za makreti ya mashine. Nzuri, za bure, ila zote zina mchoro wa glasi na mshale unaoelekea juu. Sikutaka mgeni akae kwangu akifikiri nyumba imegeuzwa kichwa chini.

Kila jioni Swaleh ananiuliza, "Mama mwenye nyumba anapenda ipi?" Namjibu mama amesafiri. Ndiyo, Bibi, nilisahau kukuambia, Agnetha amekwenda kwao Kagongwa kusalimia. Amekwenda kidogo tu, Januari. Yule aliyekuwa akikaanga sato siku ile huenda alikuwa jirani, harufu ndiyo ilinichanganya. Simu yake haipatikani, ni mtandao. Nikiwapigia wakwe wanasema hajambo, wanakata. Ningekwenda mwenyewe lakini karasha haliachiki.

Furahi nami, maana mbao nimepata! Mzee Chacha anafunga mwalo wake wa zamani. Mwalo, Bibi, ni pale tunapooshea unga wa mawe. Unajenga mfereji wa mbao ulioinama, unatandika magunia, unamwaga maji, uchafu unakwenda zake na dhahabu inanasa. Mbao zake zimelowa na kukauka miaka kumi na zaidi. Zimekuwa za kijivu, zina mistari ya maji, pembe zimelika vizuri kabisa. Kitu hicho hukipati dukani. Nimemwambia Swaleh asizirande hata kidogo, azipigilie hivyo hivyo na historia yake.

Agnetha akiuona ukuta ule atarudi mbio. Yaani, akimaliza kusalimia.

Donatus

*

Didia
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Kwako mume wangu,

Marahaba. Kristo amefufuka, na wewe ungejaribu kidogo.

Tumevuna karanga magunia manne. Dawa nimepaka. Mbuzi mweupe kazaa pacha, mmoja nimempa jina lako kwa sababu anapiga kelele akiwa ananyonya.

Njia ya mwongo ni fupi, Donatus, na yako imeishia jikoni kwangu. Agnetha yuko hapa. Alishuka kwenye basi na Rhoda mgongoni na cherehani kichwani, akasema, "Shikamoo mke mwenzangu, mume wetu amenishinda." Nikamwambia na mimi babu yako alinishinda mara tatu kwa mwaka, ingia. Kagongwa hakwenda, maana mama yake angempakia basi la kesho yake kwa aibu ya majirani. Wakwe zako wanajua alipo, nimewaambia mimi wakae kimya. Tangu una meno manne unaniita mke wako kwa utani. Sasa wake zako wawili wanakaa nyumba moja, na utani umekuwa kikao.

Usimlaumu kwa kuzima simu. Kabla ya kuizima alikuonyesha picha ya sebule aliyoipenda, alikusemesha, alikuomba, nawe ulikuwa unaongea na George.

Cherehani ameiweka pale penye dirisha langu, kwenye mwanga. Wanawake wa Didia wamejua njia, wanaleta vitenge, wanaleta sare za watoto, nyumba imejaa maneno mpaka masikio yangu yanasikia tena. Lakini siku ile ya kwanza, alipoiweka tu, aliniuliza, "Bibi, haikuzuii kupita? Haiharibu nyumba?" Mtu haulizi hivyo katika kibanda kama changu, mume wangu, isipokuwa ameshaambiwa neno hilo mahali.

Kwa hiyo nakuuliza tena, huo ukuta uko upande gani wa sebule? Jibu nalijua. Nataka nilisikie mdomoni mwako.

Mageni

*

Katoro
25 Mei 2025

Kwako Bibi,

Shikamoo. Nimekaa mwezi mzima sijaandika kwa sababu ya hasira, na sasa nina hasira ya kukaa mwezi mzima sijaandika. Bibi yangu mzazi! Unamficha mke wangu huku unaniuliza habari za kuta! Nimewapigia simu wakwe mpaka wananijua kwa kikohozi.

Nashukuru Mungu wote wazima. Rhoda anakula? Anaulizia baba yake?

Haya, nakujibu. Ukuta ni ule wa upande wa barabara, pale alipokuwa anakaa Agnetha na cherehani yake. Sikumfukuza mtu. Niliihamishia stoo, kuna taa, kuna feni, kuna utulivu. Ule ndio ukuta mgeni anaouona akiingia, sasa nifanyeje? Mtu atoke Mwanza na gari lake, aingie kwangu, kitu cha kwanza anachokiona ni vipande vya vitenge na mama mmoja amekuja kupunguziwa kiuno? Mimi ni mtu wa karasha. Nina heshima yangu. Na nilimwambia Agnetha vizuri kabisa, nilimwambia ni ya kupisha tu, nyumba ikae kama nyumba.

Kwa kuwa umesema kuna kikao, nimefuata mila. Nimewatuma George na binamu yangu Ngusa waje na mbuzi kumchukua Agnetha. George ana picha za ukuta kwenye simu. Akiziona ataelewa nilichokuwa natafuta.

Maana ukuta umekwisha, Bibi! Umekuwa mzuri mpaka unatisha. Jumuiya ilikuja kusali kwangu Alhamisi, ukumbi ulijaa, na nakuambia hawakuyaona hata makochi. Walipiga magoti kuuelekea. Kufika katikati ya rozari wengine walikuwa wameusogelea, wanaugusa kwa vidole, wanapitisha kucha kwenye mistari ya mbao. Mama mmoja aliweka shavu. Sijapata kuona watu wakiguswa hivyo. Tangu siku ile wageni hawakauki, kila mmoja anaomba kukaa karibu na ukuta. Jirani yangu Bashiri, ambaye hata si wa jumuiya yetu, amekuja kunijulia hali asubuhi na jioni.

Agnetha apakie tu. Ngusa atabeba cherehani.

Donatus

*

Didia
15 Juni 2025

Kwako Donatus,

Marahaba. Mbuzi tumempokea, yeye hana kosa.

Wajumbe wako walifika saa sita mchana. Ngusa alisalimia vizuri, akakaa, akanyamaza, akala. Yule George alivaa miwani nyeusi ndani ya nyumba yangu akakikosa kigoda akakalia kuni. Mila unayosema umeifuata nani alikufundisha? Mwanamke akisusa hatumiwi dalali. Huja mume mwenyewe, huja na mtu mzima wa ukoo, hukaa chini, huulizwa, hujibu. Wewe umeleta mtu anayepima dhahabu za wenzake aje ampime mkeo.

Hata hivyo tulimsikiliza. Alisimama akahutubia kuhusu hadhi. Agnetha alikuwa anashona, hakusimamisha mguu. George alipoona suruali yake imechanika kwenye kuni, akaomba ashonewe, mkeo akamshonea, bwana huyo akiwa amejifunga kitenge changu chenye maua. Akaendelea kuhutubia kuhusu hadhi.

Kisha akatoa simu, akamwonyesha ukuta. Hapo Agnetha alisimamisha mguu. Aliishika simu kwa mikono miwili akaitazama kwa muda mrefu, mpaka Ngusa akanikonyeza, na mimi nikadhani amelainika. Nilianza hata kufikiri nitamfungia karanga kiasi gani.

Akauliza, "Dirisha liko wapi?"

George akasema lipo, halijaondolewa, liko nyuma ya mbao. Akasema fundi Swaleh alitaka kulizungushia lakini Dona akaona litakata mistari.

Agnetha akamrudishia simu yake na suruali yake. Akamwambia asante kwa safari. Akageukia cherehani akashona mpaka giza, na sare aliyokuwa anaishona aliiunga mkono wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, akaifumua yote kesho yake huku analia.

Mume wangu, mimi nakutania tangu umezaliwa na nitakutania mpaka siku ya kunizika. Leo sikutanii. Ulimtoa mkeo kwenye mwanga, akavumilia, akaja kwangu kupumua. Alikuwa anangoja umfuate. Wewe ukachukua misumari ukaziba na dirisha lenyewe ili asiwe na pa kurudi. Mbao zako ziwe za mninga, ziwe za dhahabu, hiyo ndiyo kazi ziliyofanya.

Nina hasira na wewe, na nakupenda, na goti linauma. Usitume mtu tena.

Mageni

*

Katoro
27 Julai 2025

Kwako Bibi Mageni,

Shikamoo. Barua yako niliipata mapema. Nilikuwa nashindwa kuijibu, halafu mambo yakanizidi, sasa nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ndoo.

Ukuta haupo.

Wale wageni, Bibi, hawakuwa wanaguswa na Mungu. Nusu ya jumuiya yetu ni wachimbaji na waoshaji. Walipopiga magoti waliona walichokuwa wanakitazama, kwamba ni mbao za mwalo wa mzee Chacha, zimenyonya maji ya dhahabu miaka na miaka, na hazijarandwa kwa amri yangu mwenyewe. Mimi niliona pambo. Katoro nzima iliona mwalo uliosimama wima. Yule mama aliyeweka shavu alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni, anafanya kazi.

Bashiri aliyekuwa akinijulia hali nilimkuta siku moja na mswaki. Ananiambia, "Jirani, nakusafishia vumbi." Vumbi lenyewe analipanguzia kwenye mfuko wa shati. Mwingine alileta mtoto apapase sehemu za chini. Mimi naleta soda, wao wanaleta kucha. Kufika mwisho wa Juni ukuta ulikuwa na vipara.

Kisha mzee Chacha akaja na nduguze kutoka Tarime, akasema aliniuzia mbao, hakuniuzia kilichomo ndani ya mbao. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Huko kila mtu ana sheria yake. George, rafiki yangu, alisimama kuwa shahidi, na kumbe amekuja kudai sehemu yake kwa kuwa wazo la ukuta lilikuwa lake. Mwenyekiti akaamua mbao zibanduliwe, zichomwe, jivu lioshwe mbele ya watu wote, kitakachopatikana tugawane.

Walibandua siku nzima. Wakachoma hapo uani, moshi ukaingia kwa majirani, simba wangu wote wawili ni weusi sasa. Wakaosha jivu. Watu wamelizunguka beseni, hakuna anayepumua. Kilichopatikana, Bibi, kilikuwa kidogo kuliko kinyesi cha inzi. Chacha alitema mate akaondoka. Bashiri akaniomba radhi na kunirudishia mswaki, ambao kumbe ulikuwa wangu.

Mimi nilirudi ndani nikacheka peke yangu, na sikupenda ile sauti. Dirisha lilikuwa limefunguka. Jua la jioni lilikuwa limefika mpaka mlango wa chumbani, na chini pale nikaona alama nne za miguu ya cherehani kwenye vigae, zimekwaruzika kwa miaka. Sikuwahi kujua kama mwanga wa nyumba hii unaingilia pale. Nilijenga mimi, nami sikujua. Nyumba ni kubwa, Bibi, inanizidi. Nawataka warudi. Namtaka mke wangu, na nimekuwa nikiandika habari za mbao miezi sita kwa sababu hilo lilinishinda kuandika.

Nilipanda basi mara mbili kuja, nikashuka njiani, Ushirombo, mara mbili. Mwita atakuambia wewe, anipe aibu yangu.

Ukurasa wa pili si wako. Mpe mwenyewe, na usiusome kwa sauti.

Donatus

*

Agnetha,

Swaleh yuko hapa, anangoja kuambiwa ukuta ufanywe nini. Nimemwambia sijui. Nilianza kukuandikia kwamba nimeshakupangia mahali pazuri pa cherehani, nikakata. Sijapanga kitu.

Wewe unataka mbao gani? Au rangi? Au uachwe hivyo?

Donatus

*

Didia
10 Agosto 2025

Kwako Baba Rhoda,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Choroko zimevunwa, Bibi ameanza kutembea bila fimbo, ila anaishika ili watu wamwonee huruma kwenye foleni ya maji. Rhoda ameongezeka urefu na amejifunza kutukana kwa Kisukuma. Mwalimu wake unamfahamu. Bibi anasema nikuandikie kwamba Mwita ameshasema yote ya Ushirombo, na kwamba mara ya pili ulinunua mkate ukamgawia kila abiria kwa haya. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akaenda nje akakaa peke yake kidogo.

Ukurasa wangu nimeusoma. Bibi alijaribu kuusoma kwa sauti, nikamnyang'anya.

Tumeoana miaka saba. Vigae ulichagua wewe. Geti ulichagua wewe na wale wanyama wako. Makochi mlichagua wewe na George, jina la mtoto ulichagua wewe, hata vitenge vya sikukuu uliniletea vimeshakatwa. Nilikuwa nikikaa dirishani nawachagulia watu vifungo, rangi ya uzi, urefu wa mkono, siku nzima naulizwa mimi, "Mama, unaonaje?" Halafu nafunika cherehani, na ndani ya nyumba yangu siulizwi mpaka kesho. Ndiyo maana nilikaa pale. Ulipoitoa sikukasirikia cherehani.

Nilitaka kukujibu siku ileile, nikuonyeshe kwamba nilikuwa najua. Nikashika kalamu, nikaona sijui. Sijui nataka mbao gani. Picha ile niliyokuonyesha mwanzo niliipenda kwa sababu ya watu waliokuwa wamekaa mle, ukuta wake sikumbuki hata rangi. Nimekaa na swali lako siku nane, nalala nalo, naamka nalo, nakuwa kama mtu aliyepewa kiatu kipya hajui aanze na mguu gani. Nimelia kidogo, nimecheka kidogo. Bibi anasema nimepata homa.

Kwa hiyo nakuja. Usimtume mtu. Tutashuka Jumamosi ya tarehe 23, na hatutashukia kwako, tutashukia pale Katoro wanapouzia mbao. Uje peke yako. Swaleh abaki nyumbani, na George nikimwona hata kwa mbali napanda basi lilelile. Nataka kuzipita zote, msonobari, mkongo, zote hizo ulizozikataa kwa niaba yangu. Nataka kuzishika, kuzinusa, kuuliza maswali ya kijinga na kuwachosha wauzaji. Wewe utamshika Rhoda na utasimama nyuma yangu. Nikikuuliza unaonaje, utajibu. Nisipokuuliza, utaangalia magari.

Na nikifika mwisho nikakosa ninayoipenda, tutarudi nyumbani mikono mitupu, ukuta ukae hivyo hivyo, nawe hutanuna.

Agnetha